Kizibo cha Soli

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Hata mke wangu akitaka kuniambia jambo zito hunipa chai kwanza, akangoja nimalize kikombe. Miaka ishirini na sita nilikaa nyuma ya cherehani ya viatu, na kila aliyeniletea kiatu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Sasa wewe ungetoka hapo na upole gani? Lakini habari ninayotaka kuieleza si yangu. Ni ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu tumbo moja, fundi wa injini za boti, ambaye watu wote pale gatini wanamwita Taratibu. Mimi nimo kwa sababu ya ubaya niliomfanyia, na ubaya huo nausema mapema usije ukadhani nakuficha. Niliziba tundu la hewa la tangi la mafuta, nikamwacha wiki tatu nzima anatafuta ugonjwa wa injini ambayo haikuwa mgonjwa.

Jina la Taratibu alipewa kwa haki. Akitaka kufungua injini, kwanza anatandika kitambaa cheupe, anapanga spana kwa ukubwa, ndogo kushoto, kubwa kulia, na kila nati anayoitoa anaiweka kwenye kopo la maziwa. Hapo abiria wanapiga kelele, nahodha anapiga honi, mimi natokwa na povu, na yeye anasema, "Taratibu, shemeji, taratibu," kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alianza kazi kwenye mashine za kusaga unga akiwa hajaota hata ndevu, maana wazazi walikufa mapema na dada yake ndiye aliyemlea. Kutoka mashine za unga akaenda kwenye pampu za maji, kutoka pampu akaingia kwenye boti. Alioa, akapata binti mmoja, halafu homa ya wiki moja ikamchukua mkewe. Binti akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama, mwendo wa siku nzima kwa basi. Yeye akaja kwangu na begi moja na sanduku la spana.

Wakati huo ndiyo kwanza nimeuza mashine zangu na kununua boti ya abiria. Watu walisema nimerukwa na akili, mshona viatu na maji wapi na wapi. Hadi leo pale gatini wananiita Mzee Soli. Sikujali, kwa kuwa fundi nilikuwa naye nyumbani. Nilimpa chumba cha uani, kile nilichokuwa nahifadhia ngozi na marobota ya soli. Marobota sikuyaondoa. Mlango ulikuwa unafunguka nusu tu kwa sababu yake, ikabidi Taratibu awe anaingia ubavu ubavu, na kitanda kilichoweza kukaa mle kilimlazimisha alale amekunja magoti. Miaka tisa aliingia ubavu ubavu. Hakulalamika hata siku moja, na mimi, Mungu anisamehe, nikachukulia kwamba panamtosha.

Alikuwa na jambo moja tu rohoni, kumleta binti yake akae naye. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi, akalala kule usiku mmoja, akarudi kesho yake amenyamaza kuliko alivyoondoka. Mtoto alishafika miaka kumi na mmoja. Dada mtu akimwambia amlete tu, ataangalia kile chumba, ataangalia yale marobota, na kusema, "Bado kidogo, dada."

Ikatokea ng'ambo ya maji, kwenye karakana kubwa yenye boti nane, fundi mkuu wao anastaafu. Kazi ile ilikuwa na nyumba ndani ya uzio, vyumba viwili, jiko na bomba la maji. Mkuu wa pale ni mama mmoja mfupi, macho makavu, hacheki na mtu, nasi tunamwita Mama Karakana. Alikuwa amemwona Taratibu akifanya kazi mara mbili tatu, akamwambia alete barua ya maombi. Shemeji aliandika barua ile mara nne. Mke wangu, bila kungoja jibu, akaanza kushona mapazia ya nyumba ambayo ndugu yake hajapewa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye ubaya wangu.

Boti yangu ina tangi la chuma chini ya benchi la nyuma. Mafuta yanaingia kwa juu, penye kifuniko. Pembeni ya kifuniko unatoka mpira mwembamba, unapanda, unajikunja kama mpini wa mwavuli ili maji yasirudi ndani, halafu unatokea ubavuni mwa boti kwenye kitundu chenye wavu, kidogo tu, kama tundu la kifungo cha koti. Mimi kile kitundu nilikiona ni pambo la waliounda boti. Sikuwahi kumuuliza mtu kazi yake, maana mwenye boti akiuliza maswali ya namna hiyo watu wanamdharau.

Mafuta nilikuwa najaza mwenyewe, na nikijaza najaza pomoni, mpaka yachungulie mdomoni. Ndivyo nilivyo. Sahani yangu iwe imejaa, ndoo iwe imejaa, nusu nusu hainipi raha. Lakini kila nikirudi baada ya saa mbili tatu nikapima kwa fimbo, naona yamepungua na boti haijaondoka hata gatini. Kuna mbeba mizigo pale, mdomo wake haujui likizo, akanivuta kando na kuniambia, "Mzee Soli, mafuta hayana miguu. Wajanja wanapitisha kijimpira kwenye kile kitundu cha ubavuni, wananyonya. Na anayejua wapi pa kunyonyea ni yule anayeijua boti yako."

Nani anayeijua boti yangu? Taratibu. Damu ilinichemka pale pale.

Kumuuliza sikuthubutu. Miaka ya nyuma ilinipotea ngozi moja nzuri, nikatamka neno la kijinga juu ya Taratibu mezani, na mke wangu akaweka kijiko chini akasema, "Huyu nimembeba mgongoni. Siku utakayomwita mwizi, usinitafute ndani ya nyumba hii." Hakupaza sauti. Ngozi yenyewe niliikuta baadaye nyuma ya kabati. Kwa hiyo safari hii nikaona nitumie akili. Siku aliyokwenda kumtazama binti yake, nilichukua kipande cha soli ngumu, nikakikata duara kwa kisu changu cha kazi, nikakichonga mshazari kuzunguka ukingo ili kiingie kwa kubana. Mtu aliyekata soli maisha yake yote ana mkato wake, kama mwingine alivyo na mwandiko wake. Nikafungua ule wavu, nikakisukuma kizibo ndani ya mpira, nikarudisha wavu mahali pake. Kwa nje huoni kitu. Halafu nikatia kufuli kwenye kifuniko cha tangi, ufunguo nikauweka mfukoni.

Taratibu aliporudi akaliona kufuli. "Vizuri, shemeji," akasema. "Hapa gatini kuna wezi." Nilimtazama usoni nione kama atatetereka. Hakutetereka, na mimi nikajisemea moyoni kwamba huyu bwana ni mjuzi wa kujikausha.

Siku ya tatu injini ikazimika katikati ya maji. Ilikwenda vizuri nusu saa na ushee, ikaanza kukosa nguvu, ikakohoa, kimya. Tukakaa tunaelea dakika ishirini, ikakubali kuwaka, ikatufikisha ng'ambo kwa kujikongoja. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Ukiitazama gatini inanguruma bila tatizo, ukifika kati inakuaibisha mbele za watu. Abiria nao hawana dogo. Mmoja akaniambia, "Mzee Soli, ungetuuzia viatu tu, tungekuwa tumeshafika kwa miguu," na boti nzima ikacheka, hata nahodha wangu, ambaye namlisha mimi.

Nikamgeukia nani? Fundi. Nilimsema gatini, nikamsema nyumbani, nikamsema mbele ya dada yake, nikimwita fundi wa mashine za unga. Yeye alichukua taa yake. Akawa anaingia chini ya sakafu, mahali ambapo mtu mzima hawezi kugeuka. Pale lazima uamue kabla hujaingia kama utalala chali au kifudifudi, maana ukishaingia umeingia. Joto la injini liko usoni, maji machafu yako mgongoni, na taa umeing'ata kwa meno. Alikaa humo saa nne, saa tano. Alibadilisha chujio la kwanza, akabadilisha la pili. Akatoa hewa kwenye njia ya mafuta, nati baada ya nati, mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akafungua pampu, akaiosha, akairudisha. Akakinga mafuta kwenye chupa ya kioo, akayaacha yatulie aone kama yana maji. Hayakuwa na maji. Alipotoka humo alikuwa hawezi kunyoosha shingo, nikamwona anatembea gatini kichwa kikiwa upande, na watu wanapeana viwiko.

Wiki ya kwanza aliniomba ufunguo achungulie ndani ya tangi. Nilimkatalia. "Tangi nalijaza mimi kila asubuhi," nikamwambia. "Ni safi. Wewe shughulika na injini yako." Na kweli kila asubuhi nilikuwa nafungua kile kifuniko mwenyewe, na kila asubuhi kilikuwa kinavuta hewa kwa mluzi, fyuu, halafu nikimimina haraka mafuta yananitapikia kifuani. Nilidhani ndiyo tabia ya tangi likizeeka. Hivi ndivyo mshona viatu anavyojua boti.

Mama Karakana alipata habari, maana maji yale hayafichi neno. Akaja gatini kwetu, akasimama juu ya shimo la injini, akamwambia Taratibu akiwa bado amelala chini humo, miguu tu ndiyo inayoonekana, "Fundi, barua yako nimeisoma na nimeipenda. Lakini boti moja inakushinda, nikupe nane? Alhamisi navuka na nyie. Ikifika bila kuzimika, funguo za nyumba nakupa siku hiyo hiyo. Ikizimika, nina mtu mwingine anangoja." Miguu ikasema, "Nimekuelewa, mama." Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne mchana tulikuwa wawili tu kwenye boti. Taratibu alikaa pembeni ya shimo, anajifuta mikono kidole kimoja kimoja, halafu akasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Shemeji, nimefikiri jambo. Inakwenda nusu saa, inakufa. Ikipumzika, inafufuka. Hii si pampu. Hili ni tangi linalokosa hewa."

"Tangi linataka hewa ya nini?" nikamuuliza.

Akachukua chupa ya maji ya plastiki, akaiweka mdomoni, akainyonya bila kuingiza hewa. Chupa ikabonyea, maji yakasimama. "Unaona? Injini inanyonya mafuta. Yakitoka mafuta, lazima iingie hewa mahali pake. Isipoingia, tangi linajibana, linayashika mafuta, injini inakufa kwa kiu na mafuta yapo tele. Hewa inapita kwenye kile kitundu cha ubavuni. Na hapo hapo ndipo mafuta yanapomwagikia ukijaza kupita kiasi. Jua likiwaka yanavimba, boti ikilala upande yanatoka majini. Nilitaka kukwambia siku nyingi, shemeji, unajaza mno. Niliogopa utaona nakufundisha."

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwahi kuwa na mwizi. Ni mimi na kupenda kwangu vilivyojaa.

Halafu akaniuliza. Aliniuliza kwa adabu, uso kwa uso: "Kile kitundu, shemeji, kiko wazi? Nimeutazama wavu kwa nje, ni msafi. Ulishawahi kukigusa?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Neno moja tu, "Nimekiziba," na yote yangeisha. Lakini angeuliza kwa nini. Ningemjibu nini? Kwamba nilidhani ananiibia, yeye anayeingia chumbani kwake ubavu ubavu? Na dada yake angejua jioni ile ile. Nikamwona akilini mke wangu anakunja nguo zake aondoke. Na mdomo wangu, kwa wepesi ambao mpaka leo unanishangaza, ukasema, "Kiko wazi. Wiki iliyopita nilikipuliza mwenyewe."

"Basi kama umekipuliza wewe," akasema Taratibu, "tuache hilo." Akaamini. Akarudi kulala chini ya sakafu, kifudifudi safari hii, kuanza tena na pampu.

Usiniulize nililala vipi. Jumatano alipokwenda dukani kutafuta gasketi, nilikimbia kwenye boti na waya wa kutundikia nguo. Nikatoa wavu, nikaingiza waya, nikatafuta kizibo changu nikivute. Kilikuwa kimenasa kwa uzuri. Nilikuwa nimekichonga kwa ufundi, unajua. Kila nikijaribu kukidaka kinasogea ndani zaidi, mpaka kikapita pale kwenye kona ya mpira na waya haukukifikia tena. Nahodha akatokea. "Mzee, unavua samaki humo?" Nikamwambia nasafisha wavu. Akaenda zake anacheka. Nilirudisha wavu.

Nyumbani nikamkuta mke wangu ameanika godoro dogo juani. Alikuwa ameliazima kwa jirani kwa ajili ya mtoto. "Akipewa funguo kesho, Jumamosi anamfuata binti yake," akaniambia. "Nimemshonea na mto. Sijui anapenda rangi gani, nimechagua tu." Nilisema mto ni mzuri. Nilitoka nje, nikasimama uani bila kazi yoyote.

Jumatano hiyo jioni ndipo akili ilinijia. Hewa inataka kuingia, si ndiyo? Basi nisikikaze kifuniko. Nikiacha kifuniko kimelegea na kufuli limening'inia wazi, tangi litapumua kupitia pale, boti itafika, Mama Karakana atatoa funguo, na kile kizibo nitakishughulikia polepole shemeji na binti yake wakiwa wameshahama. Nilijiona nimepona. Hata chakula nilikula.

Alhamisi asubuhi nikajaza mafuta, si pomoni safari hii, nikaacha kifuniko kimekaa juu juu tu. Abiria wakapanda. Mama Karakana akaja, akakaa benchi la nyuma, juu ya tangi lenyewe, mkoba mapajani. Nahodha akawasha injini. Na Taratibu, ambaye hajawahi kuondoka gatini bila kukagua kila kitu kwa mkono wake, akamwomba mama asogee, akainama, akaingiza mkono chini ya benchi.

"Shemeji," akasema, "umesahau kukaza kifuniko. Leo kuna mawimbi, maji yangeingia kwenye mafuta." Akakikaza kwa nguvu zake zote, akabana kufuli, likalia ka. Akaninong'oneza, "Usiwe na wasiwasi. Nami pia naogopa."

Nilikuwa na ufunguo mfukoni. Ningeweza kusema lolote, kwamba nataka kupima mafuta, kwamba nimeangusha kitu. Lakini mama amekaa pale, watu wamejaa, na kila uongo niliouwaza ulikuwa unadai mwingine. Tukaondoka. Boti ina urefu wa hatua kumi na nne, nami nilizihesabu zote, kwenda na kurudi, mpaka nahodha akaniambia nikae, ninamchanganya. Nikakaa. Mbele maji, nyuma maji, nami nasikiliza injini ya boti yangu kama mtu anayesikiliza hatua za askari. Dakika kumi, inakwenda. Ishirini, inakwenda. Taratibu amesimama kando ya shimo, amegusisha mgongo wa kiganja kwenye pampu, na usoni nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka tisa. Alikuwa anatabasamu.

Dakika ya thelathini na nane ikalegea. Ikakohoa. Kimya.

Hakuna aliyefanya mzaha siku hiyo. Taratibu alishuka kwenye shimo, tukamsikia anagonga, anafungua, anafunga. Alipopanda, alikuja moja kwa moja kwangu. "Shemeji, naomba ufunguo wa tangi."

"Tangi ni safi," nikasema.

"Najua. Naomba ufunguo."

"Nimekwambia tangi ni—"

"Mzee," akasema Mama Karakana, "mpe fundi ufunguo."

Nikampa. Akafungua kufuli, akazungusha kifuniko, na hewa ikaingia kwa mluzi mrefu ambao boti nzima iliusikia, halafu bati la tangi likajinyoosha kwa kishindo chini ya benchi. Taratibu akakiweka kifuniko kando. Akachukua spana ndogo, ya kwanza kushoto. Akaufungua ule mpira wa hewa pande zote mbili, akaupuliza. Haukupita kitu. Akaingiza kijiti kwa upande wa chini, akasukuma kidogo kidogo, taratibu, mpaka kizibo kikamwangukia kiganjani.

Alikigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo niliouchonga mshazari. Amelala miaka tisa na marobota yangu ya soli, viatu vyote alivyovaa nimevikata mimi. Akainua macho akanitazama, na nilijua kwamba amejua: nani amekiziba, lini, na kwa sababu gani. Sikuona hasira. Ningeiona hasira ningeipokea, hasira naifahamu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Ni nini hicho?" Mama Karakana akauliza.

Taratibu akafumba kiganja. "Kizibo, mama. Ni kosa langu. Niliziba mpira wakati nasafisha tangi, nikasahau kukitoa."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

"Wiki tatu unatafuta kitu ulichokiweka kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nilisimama kabisa, na watu wakanitazama, wakidhani nataka kumgombeza kama kawaida yangu, na Taratibu akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja tu. Nikajua anamfikiria nani, kwa kuwa hata mimi nilikuwa namfikiria huyo huyo, dada yake. Nikakaa chini. Usinisifu kwa kumtii. Nilikaa kwa sababu nilitaka kukaa.

Injini iliwaka mara ya kwanza tu, ikaimba mpaka ng'ambo. Mama Karakana alishuka, akageuka gatini. "Una mikono mizuri, fundi," akamwambia. "Lakini anayesahau kizibo ndani ya bomba ataniulia watu. Siwezi." Taratibu akamsindikiza kwa macho mpaka alipoingia ndani ya uzio, kule kwenye zile nyumba. Kisha akarudi kwenye boti, akakunja kitambaa chake cheupe, akaniambia abiria wa kurudi wameshafika.

Jioni tulikaa mezani watatu. Taratibu alikuwa ameshampigia simu binti yake. Nilimsikia uani akisema, "Bado kidogo, mwanangu." Mke wangu alikuwa amelia, sasa amekasirika. Mapazia ameyakunja, godoro amelirudisha kwa jirani. Alimsema ndugu yake kama alivyokuwa akimsema utotoni, kwamba amejiharibia mwenyewe, kwamba uzembe gani huu, kwamba gati zima linamcheka na nani sasa atampa kazi. Taratibu anakula, ameinamia sahani.

"Na umwone mwenzako alivyo na moyo," akasema mke wangu, akanishika mkono mbele yake, kitu ambacho hafanyi. "Umemzimishia boti wiki tatu, umemtia aibu kwa abiria, na hajakufukuza. Mwingine angeshakutupia begi nje. Mshukuru shemeji yako."

Taratibu akaweka kijiko chini. Akanitazama.

"Asante, shemeji," akasema.

Nami nikamjibu, "Usijali."